Mashini Isiyopigiwa Hodi

Kitu cha kwanza ninachokikumbuka katika ofisi ile ni kibodi ya Prefe. Ilikuwa inanata. Kila asubuhi mkuu wetu huyo wa shule alikunywa maziwa ya mugando palepale mbele ya mashini, na yaliyomwagika aliyapangusa kwa mkono wa koti. Herufi A ilishuka isipande. Puu! Hata leo nikisikia harufu ya maziwa yaliyochacha hutoka nje.

Mimi nilikuwa sekretere wake, katika shule ya sekondari pale Masisi. Mashini zilikuwa mbili tu. Yake ilikuwa ya Windows, na programu ya kuandikisha watahiniwa wa mtihani wa taifa ilikuwa humo peke yake. Yangu ilikuwa kuukuu, Windows imeishinda, nikaitilia Linux ikapata pumzi. Na skana ilikuwa kwangu. Zamani tulihamisha karatasi kwa flashi. Kisha virusi vikala buletini za alama za darasa zima, na Prefe akapiga flashi marufuku mbele ya walimu wote. Basi tukavuta waya kati ya mashini hizo mbili.

Juma la mwisho la uandikishaji alifika binti wa mwaka wa sita aliyekimbia vita vya Kitshanga na mama yake. Karatasi zake zote zilibaki huko. Alizunguka ofisi hadi ofisi mpaka akapata hati ya kuthibitisha masomo yake, akaniletea imelala ndani ya Biblia.

"Papa Sekretere," akasema, "mutihani tu njo inabakia kwangu."

Hati na picha nikavipitisha kwenye skana. Kilichobaki ni kuvisogeza hatua nne, kutoka mashini yangu hadi ya Prefe, kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi, motari, mwendesha pikipiki wetu, atakapobeba orodha kwenda Goma.

Wapi! Kila nilipojaribu kufungua folda ya Prefe nilikataliwa. Jumatano nilipima waya, ukawa mzima. Mashini ziliitana na kuitikiana vizuri. Nikalinganisha majina ya kundi la mtandao, nikazima ulinzi wa mashini kwa muda kidogo, bado. Ndipo nikaona: akaunti ya Prefe haikuwa na neno la siri. Windows humwacha mwenyewe aingie hivyo akiwa amekaa kitini, lakini anayekuja kwa waya haimfungulii. Dawa yake ilikuwa ya dakika mbili.

Nikamwambia taratibu, walimu wawili wakiwepo. Kosa langu likawa hapo, maana kwetu mkubwa harekebishwi mbele ya watu.

"Kode? Mimi?" Akacheka mpaka maziwa yakaruka. "Mutu anapiga hodi ku nyumba yake mwenyewe? Ile mashini yako ya bule njo iko na ugonjwa. Tengeneza yako!"

Walimu wakacheka. Na mimi, mjinga mimi, nikacheka nao.

Nikageuza njia. Nikafungua folda upande wangu ili yeye aje achukue. Mashini yake ikaomba jina na neno la siri, nikamwandikia kwenye kikaratasi. Hakukigusa. "Leo mukubwa anaomba ruhusa kwa sekretere?" akauliza, kisha akakitumia kufutia kijiko.

Alhamisi nzima nilijifanya fundi, binti akingoja nje ya dirisha. Nilibadilisha waya usio na kasoro. Nilipiga magoti chini ya meza yake, kwenye vumbi na mavi ya panya, nikichomoa na kuchomeka plagi ileile, kwa sababu alifurahi kuniona pale chini na mimi niliogopa kusimama. Flashi yangu ilikuwa mfukoni wakati wote huo. Wazee wanasema heshima si utumwa. Ya kwangu ilikuwa utumwa mtupu.

Ijumaa saa mbili binti alikuwa mlangoni, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Prefe alifika saa nne kasoro robo, motari tayari anapiga honi uwanjani. Akachapisha orodha, akaitia sahihi na muhuri.

"Na huyu, Prefe?" nikasema.

"Rezo imekataa," akasema, akionyesha waya wa mtandao. "Mwaka kesho."

Motari akaondoka. Binti hakulia. Alivaa viatu vyake akateremka kilima.

Jumatatu tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa. Prefe akakoroga maziwa yake bila kunitazama. "Ile kode," akasema, "weka basi." Nikaweka. Dakika mbili hazikuisha, folda ikafunguka, hati ya binti ikapita, na picha yake ikatokea kwenye kioo kilichojaa matone makavu. Kumbe ningengoja tu walimu watoke.

Siku ile ile binti akarudi kuchukua karatasi yake. Akaniuliza ni nini hasa kilichokataa.

"Ni rezo, mama," nikasema.

Akairudisha hati ndani ya Biblia. "Nilikuona, Papa. Siku nzima unapiga magoti kwa ajili yangu. Mungu akubariki."

Nikaitika, "Amina."