Mayai Ambayo Hayakufika Ofisini

Kwa wiki mbili nilitafuta kosa ambalo halikuwepo.

Wakati huo nilikuwa naandika programu za simu katika ofisi ndogo pale Gisimenti, Rwanda, ghorofani, juu ya mgahawa wa brosheti, yaani mishikaki. Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya ushirika wa wafugaji wa kuku wa Masaka. Kila jioni mfugaji aliandika kwenye simu yake idadi ya mayai aliyookota, na gari la ushirika likajua kesho lipite wapi. Wengi walituma vizuri. Mama mmoja hakutuma hata mara moja, ingawa aliapa kwamba anaandika kila siku. Nikadhani ni mtandao. Niliandika upya sehemu nzima ya kutuma, nikaijaribu, ikafanya kazi, na mayai yake bado hayakufika.

"Nenda ukamwone," mkuu wangu akasema.

Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka sita na sikuwa nimewahi kukaa karibu na mtu akitumia kitu nilichokitengeneza. Nilipanda pikipiki hadi Masaka nikiwa na hamu ambayo sikuielewa vizuri.

Mama mwenyewe alikuwa amekulia Bujumbura, na tangu ujana wake biashara alikuwa akiifanya kwa Kiswahili. Mimi nilikulia Bukoba. Wazazi wangu walirudi Rwanda nilipomaliza sekondari, ndiyo maana ofisini nilikabidhiwa kuandika maneno yote ya Kiswahili kwenye programu. Nilijivunia maneno yale. Nilikuwa nimeyatoa kwenye kamusi, moja moja.

Tuliketi kwenye benchi kando ya banda. "Fanya kama siku zote, mama," nikamwambia. "Jifanye mimi sipo."

"Lakini uko hapa," alisema, kisha akaandika idadi yake polepole, kwa kidole kimoja. Akakitazama kioo kwa muda, akazima simu na kuitia mfukoni.

"Mbona umezima?"

"Nimemaliza."

"Na kile kitufe cha chini?"

"Kile naogopa, dada. Imeandikwa hifadhi. Hifadhi iko kule Akagera, kwenye simba. Mimi niko na kuku."

Nilimweleza kwamba maana yake ni kuweka, ili kitu kisipotee.

"Kama ni kuweka, si mngeandika weka?"

Akaitoa tena simu, akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, ule wa maelekezo yangu. "Na hapa, nani anasema? Ingiza. Bonyeza. Thibitisha. Hii iko nani? Serikali?"

Nilicheka, naye hakucheka. Alitaka kweli kujua ni nani huyo anayemwamuru bila hata kumsalimu. Nilikaa pale hadi mchana nikimuuliza angesema nini mahali pa kila neno langu, naye alijibu huku akiwapa kuku maji.

Nilirudi ofisini nikabadilisha neno moja, na kesho yake mayai yakafika. Lakini sikuweza kuliacha jambo lenyewe. Niliandika mwongozo wa kurasa nne, ukianza na salamu na kusema sisi ni nani. Wenzangu walinitania. Ushirika ukautoa nakala Kimironko na kuugawa kwa wanachama.

Baada ya muda fundi mmoja akanipigia simu. Alikuwa anaunda mashine za kutotolesha vifaranga. "Ni wewe uliyeandika zile karatasi za mayai?" aliuliza. Wateja wake walikuwa wanaziharibu mashine, naye alidhani ni wakaidi.

Nilichukua likizo nikaenda kwenye karakana yake ili nimwandikie maelezo ya mashine. Nilimuuliza kila kitu.

"Mayai yanageuzwa kwa nini?"

"Yanageuzwa tu. Ndivyo inavyotakiwa."

"Yasipogeuzwa?"

Alikuna kichwa. Tukampigia daktari wa mifugo, akatuambia kwamba kifaranga kinachoanza kuumbika hunata kwenye ganda. Fundi akasema, "Miaka yote hii sikujua." Sijui nani kati yetu alifurahi zaidi. Kwenye programu nilikuwa nimezoea kujua mashine inafanya nini. Hapa nilianza kujua mtu anafikiri nini akiwa mbele ya mashine, na hilo lilinivuta zaidi.

Mwaka uliofuata nilimwambia mkuu wangu kwamba naondoka.

"Unaacha kuandika programu ukaandike maelezo?"

"Ndiyo."

"Watu hawasomi maelezo."

"Nataka kujua kwa nini hawasomi."

Alinitakia heri, kwa sauti ya mtu anayemuaga mgonjwa. Mama yangu, ninayeishi naye Kimironko, aliacha kuwaambia majirani kazi ninayofanya. Kwa miezi mitatu nilipata kazi moja tu, ya pampu ya maji, na asubuhi nyingine nilivaa viatu kama mtu anayekwenda ofisini, kisha nikakaa mezani.

Kazi iliyonifundisha zaidi ilitoka nje ya nchi. Kampuni moja ilitaka mwongozo wa kuwasaidia waandishi wa programu kuunganisha mifumo yao na mfumo wake. Hapo nilijiona nyumbani, nikaandika haraka, kwa majivuno kidogo. Mhariri wao aliurudisha akiwa ameweka alama sehemu moja tu na kuuliza: na mambo yakikwama, msomaji afanye nini? Nilikuwa nimeeleza njia iliyonyooka pekee. Nilitumia siku nne kuuharibu mfumo wao kwa makusudi, nikikata mtandao, nikituma majina matupu na tarehe za uongo, na kuandika kila ulichonijibu. Mara mbili ulijibu tofauti na walivyodai wenyewe. Niliwaonyesha, wakarekebisha, na tangu hapo hawajaacha kunitafuta.

Sasa ni mwaka wa tano tangu niondoke ofisini. Kazi hazikosekani, ingawa huja kwa mafungu. Wiki hii naandika karatasi ya mashine ya kupima shinikizo la damu nyumbani. Jana asubuhi nilimfunga mama yangu mkanda mkononi, nikampa karatasi aisome mwenyewe. Alisoma kwa sauti hadi mstari wa tatu, unaosema apumzike dakika tano kabla ya kupima.

"Nikiwa nimekaa au nimelala?"

"Umekaa, mama."

"Haijaandikwa."

Nikachukua kalamu. Yeye alikuwa ameshafika mstari wa nne na kukunja uso.