Nyumba Tuliyoikuta na Mwenyewe

Mume wangu aliendesha malori ya kwenda Tunduma kwa sehemu kubwa ya ndoa yetu. Kila safari alikatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi, na kila akirudi nyumbani Morogoro alikuwa na habari: tembo wamevuka na watoto wao, twiga amesimama kando ya lami anamtazama kama askari wa barabarani. Lakini dereva wa mzigo hasimami kule. Alikuwa anapita tu. "Siku moja nitakaa," alikuwa akiniambia huku anavua viatu. Mimi nilikuwa nafundisha sekondari, nina madaftari ya kusahihisha, nikawa namjibu tu kwamba sawa, utakaa.

Mgongo ulipomwachisha kazi, na mimi nikastaafu muda mfupi baadaye, niligundua kwamba hakuwa anatania. Alitaka nyumba ndogo upande wa Mikumi, mahali pa kwenda wikendi, tukae barazani tusifanye kitu. Sikumwelewa. Nimekulia kijijini, na kijijini kwetu mtu anayekaa barazani asifanye kitu huulizwa kama anaumwa. Hata hivyo nilikubali, kwa sababu mtu aliyekaa nyuma ya usukani miaka yote hiyo ana haki ya kuchagua pa kuketi.

Tukaanza kutafuta. Jumamosi za kwanza tulizunguka Mikumi mjini na dalali mmoja mchangamfu, mwenye pikipiki na simu mbili. Alituonyesha nyumba nzuri tu. Moja ilikuwa na vigae, nyingine ina kisima. Lakini tulipolala gesti, mume wangu hakupata usingizi. Malori yalikuwa yanapita barabara kuu, naye alikuwa amelala chali anayataja moja baada ya jingine kwa mlio: hili limebeba mafuta, hili tupu, huyu breki zake zimekwisha. Asubuhi macho yalikuwa mekundu.

"Sasa unataka nini?" nikamuuliza wakati wa chai.

"Nataka hapa," akasema. "Ila pasiwe hapa."

Nilimtazama nikidhani atacheka. Hakucheka.

Dalali ndiye aliyepata ufumbuzi. Akasema twende upande wa Kilosa, tuache lami, kuna nyumba maeneo ya Kisanga inayotazama milima, mwenyewe yuko Dar es Salaam anataka kuiuza haraka. "Ni tupu, mama," akaniambia. "Alikuwa anakaa mama yake mzazi, lakini ameshahamia kwa mtoto wake mwingine Dodoma. Funguo iko kwa jirani."

Basi Jumamosi iliyofuata tukaenda, yeye mbele na pikipiki yake, sisi nyuma na gari letu dogo, tunameza vumbi lake. Tulipita mashamba ya ufuta na mahindi, tukapisha kundi la ng'ombe wa Wamasai lililokuwa halina haraka hata kidogo. Mume wangu alishusha kioo, akaweka kiwiko nje, akaanza kupiga mluzi. Nikajisemea kwamba labda huku ndiko.

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati jekundu lililopauka, baraza pana, na mbele yake milima imepangana mmoja nyuma ya mwingine. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, alama za ufagio bado mpya. Na mlangoni alisimama bibi mmoja mwembamba, amejifunga khanga mbili, anatabasamu.

"Karibuni," akasema. "Nimewangoja tangu asubuhi. Nikasema labda gari limewaharibikia."

Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa kila mmoja wetu peke yake, dalali akiwa wa mwisho. Nilimtazama dalali. Naye alikuwa anautazama mlango wa nyumba kama mtu aliyepotea njia.

"Mama," akaanza taratibu, "wewe ndiye... jirani mwenye funguo?"

"Funguo ya nini? Mlango si uko wazi," yule mama akajibu. "Mwanangu alinipigia. Akasema kuna wageni wake wa Morogoro wanakuja kupumzika. Chumba nimeshatandika."

Dalali akanivuta pembeni. Akaapa kwamba aliambiwa nyumba ni tupu, na huyo mama yuko Dodoma. Akajaribu kupiga simu kwa yule mwana, hakuna mtandao. "Ngoja nipande kile kijilima nitafute mtandao," akasema, akawasha pikipiki, na hatukumwona tena siku ile.

Tukabaki watatu. Mume wangu alikuwa na futi ya kupimia mfukoni. Nilimwona anaisukuma ndani zaidi kwa kidole gumba. Nilitaka kusema jambo, lakini sikujua nianzie wapi. Je, mwana amemdanganya mama yake, au amemdanganya dalali? Au mama amesikia vibaya kwenye simu, mtu amesema "wanunuzi" yeye akasikia "wageni"? Nilipokuwa bado najiuliza, tayari nilikuwa nimeketi kwenye kigoda jikoni kwake, nina ungo wa mchele mapajani, nachambua.

Tulikula wali, kuku na mbaazi za karanga. Nimekula kwenye sherehe nyingi zenye kadi za mwaliko na sikuwahi kukaribishwa namna ile. Alimwongezea mume wangu mchuzi bila kumuuliza. Alitueleza nyumba ilivyojengwa: marehemu mumewe alifyatua tofali mwenyewe, akachomea hapo hapo chini, akaezeka mwaka aliofariki. Alitutembeza kila chumba. Mume wangu alifuata nyuma, mikono mgongoni, akiangalia dari na kona, na mimi nilishindwa kujua kama anaangalia kama mgeni anayesifia au kama mnunuzi anayekagua. Nilipomwuliza baadaye alisema hata yeye hakujua.

Alasiri mvua ikashuka. Ile barabara ya vumbi ikawa uji, na mume wangu, ambaye amekwama kwenye matope ya kila mkoa wa nchi hii, alitoka akaitazama, akarudi akasema hatuendi popote. Mama akafurahi. "Si nimewaambia chumba kipo?"

Asubuhi niliamka nikakuta upande wa mume wangu ni mtupu. Alikuwa barazani, kikombe cha chai mkononi, anaitazama milima ikitoka kwenye ukungu. Akaniambia amelala kama mtoto. Alisema hivyo kwa huzuni, kama mtu anayekiri kitu, nami nikaketi karibu yake.

Ilikuwa Jumapili, na mama alikuwa ameshavaa. Haikutokea nafasi ya kukataa. Sisi ni Wakatoliki, kanisa lake ni la Anglikana, lakini alituambia Mungu hatauliza tulipitia mlango gani, akatupa mwavuli mmoja tushirikiane. Baada ya matangazo, mzee wa kanisa akaomba wageni wasimame wajitambulishe. Mama akanigusa kiwiko. Tukasimama. Watu wote wakageuka.

"Bwana Yesu asifiwe," mume wangu akasema.

"Amina," wakaitikia.

"Sisi tunatoka Morogoro. Tume..." Akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. "Tumekuja kwa mama huyu. Tumekuja kupumzika."

Wakatupigia makofi ya kutukaribisha. Nilikaa chini masikio yananiwaka. Tulipotoka nje, mwanamke mmoja wa rika langu akanishika mkono, akanisalimia vizuri, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ninyi ndio mnaonunua?"

Kwa hiyo kijiji kilijua. Nikamtafuta yule mama kwa macho. Alikuwa amesimama na wenzake chini ya paa la kanisa, anacheka nao kitu fulani, mwavuli umekunjwa kwapani. Sikuona dalili yoyote kwamba anajua. Sikuona pia dalili kwamba hajui.

Tuliporudi nyumbani, mume wangu akaenda kukagua barabara. Mimi nikakaa na mama uani. Alikuwa anapepeta mbaazi, nami nikaona kwamba nisiposema wakati ule nitaondoka kama mwizi.

"Mama," nikasema, "mwanao alikuambia sisi ni nani?"

"Alisema ni wageni." Hakuacha kupepeta. "Ninyi mnasemaje?"

"Tulikuja kununua nyumba, mama."

"Nyumba ipi?"

"Hii."

Ungo ukasimama. Akatoa kijiwe kwenye mbaazi, akakitupa mbali, kuku wakakikimbilia wakakiacha. Nilingoja alie, au anifukuze, au acheke. Akauliza, "Usiku mvua ilivuja kwenye chumba chenu?"

"Haikuvuja."

"Basi," akasema, akaendelea kupepeta.

Nikamwambia sisi tuliambiwa nyumba haina mtu, na kwamba kama tungejua tusingekuja. "Najua, mwanangu," akasema. Sikuelewa anajua nini: kwamba tulidanganywa, au kila kitu tangu mwanzo. Nilitaka kumuuliza, ila mume wangu alikuwa anarudi, matope hadi magotini, akasema kwa sauti ya furaha kwamba njia imekauka pembeni, tunaweza kupita. Mama akatufungashia mbaazi na ndizi. Akatusindikiza mpaka barabarani na kusema, "Mkirudi, leteni sukari."

Tulipofika lami mume wangu akaongeza gia. "Mimi sinunui nyumba yenye mtu," akasema. Nikamwambia hata mimi. Tukadhani mambo yameishia hapo.

Haikupita wiki, simu yangu ikaita. Alikuwa yule mwana, namba amepewa na dalali. Alisalimia shikamoo kwa adabu sana, na mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno makali, nikaitikia huku nayapanga mdomoni.

"Mama anasema mmeshakubaliana," akasema.

"Tumekubaliana nini?"

"Mimi nilidhani wewe ndiye utaniambia," akasema. "Ameniambia nisiuze, kwamba amepata watu wa kukaa naye wikendi. Amesema mzee atarekebisha mlango wa choo."

Maneno yangu makali yakaniishia. Nikamuuliza kwa nini alimdanganya mama yake. Alivuta pumzi ndefu. Akasema mwaka jana kifua kilimbana mama, majirani wakambeba kwa pikipiki kutafuta gari, na yeye alikuwa Dar es Salaam ameshika simu anasikia tu pumzi inavyokoroma. Amemwomba ahame, hataki. Dada yake wa Dodoma amemwomba, hataki. "Nikaona nyumba ikishauzwa atakuwa hana pa kurudi," akasema. "Nilijua ni vibaya. Niambie basi, mama, wewe ungefanyaje?"

Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, nimezoea kuulizwa maswali nikiwa na jibu, na pale nilisimama katikati ya sebule yangu nimeshika simu, nikamwambia ukweli kwamba sijui. Kabla hajakata nilimsikia anajipangusa pua.

Mume wangu nilipomsimulia aliuliza kitu kimoja tu: mlango wa choo una tatizo gani.

Tukawa tunaenda. Hatukukubaliana chochote na mtu yeyote, wala hakuna aliyetuuliza tena kuhusu kununua. Tunapeleka sukari, majani ya chai, dawa zake za kifua kutoka mjini. Mume wangu alitengeneza ule mlango, kisha gata la maji ya mvua, kisha akajenga kibaraza kidogo nyuma. Kuna siku tunashuka hadi hifadhini, tunalipa kama watalii, anaendesha polepole na kusimama anapopenda, mama amekaa mbele kwa sababu hakuwahi kuingia humo tangu azaliwe. Alipomwona tembo kwa karibu alisema ni mchafu. Majirani zetu wa Morogoro huniuliza kama tulifanikiwa kupata nyumba. Siku nyingine nasema ndiyo, siku nyingine nasema bado tunatafuta, na nikisema hivyo au vile najihisi nimesema uongo.

Mwezi uliopita mwana alikuja kumchukua mama aende kupimwa kifua Dar es Salaam. Safari hii alikubali, bila kubishana. Alibeba begi dogo tu. Alitukabidhi funguo, akatuonyesha pumba ya kuku ilipo, akapanda gari, na mwanawe akatushika mikono sote wawili kwa muda mrefu.

Kwa mara ya kwanza tukabaki peke yetu kwenye ile nyumba. Jioni tulitoa viti barazani. Milima ilikuwa pale pale, hewa nzuri, hakuna sauti isipokuwa kengele za ng'ombe kwa mbali. Ndicho kitu ambacho mume wangu alikitaka, nami nilikuwa nimejifunza kukipenda. Lakini alikaa, akasimama, akahamisha kiti, akakaa tena.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Leo kiti hakikai vizuri."

Nikapanda kwenye kile kijilima kupata mtandao, nikampigia mama. Sauti yake ilikuwa na nguvu. Daktari amesema aendelee kukaa kwanza. Nikamuuliza atarudi lini. Akasema chakula cha huko ni kizuri, wajukuu ni watundu, maji ni ya chumvi.

"Lakini utarudi, mama?"

"Kuku umewapa chakula?" akauliza.

Nikamwambia bado.

"Basi kawape, giza lisije likawakuta na njaa," akasema, na simu ikakatika. Sikujua kama amekata yeye au ni mtandao. Niliteremka, nikachota pumba, nikaanza kuwaita kuku kwa ile sauti niliyomsikia akiitumia, na wao wakasimama mbali wananitazama.