Kata ya Bibi Sidonia

Zamani mzigo ulikuwa na sura. Ukiuona kichwani mwa mtu, unajua umetoka nyumba gani, umefungwa na mkono wa nani, na unakwenda kwenye furaha au kwenye msiba. Siku hizi mizigo yote imezaliwa na mama mmoja: masanduku meusi ya magurudumu, yanayoburutwa kama mbuzi wasiotaka kwenda mnadani, na wenyewe wanayafunga vitambaa vyekundu wasije wakachukuliana.

Katikati ya masanduku hayo, asubuhi moja ya Desemba, mbele ya stesheni mpya ya Dodoma, alitokea Bibi Sidonia na kapu kichwani.

Alikuwa ameshuka kwenye basi la Kwa Mtoro, usingizi wa njiani bado umemkalia kwenye kope. Kapu lake lilikuwa limeshonwa mdomo kwa kamba ya mkonge. Ndani yake mlikuwa na masuke ya mtama yaliyokaa juu ya uchaga tangu mavuno, yakala moshi wa meko mpaka yakawa meusi, mdudu akiyasogelea anapiga chafya. Alikuwa anampelekea binti yake Flaviana, aliyeolewa Gulwe. Flaviana alikuwa amepiga simu. Mvua ya kwanza imenyesha, na mbegu ya dukani aliyopanda mwaka jana ilimpa mabua marefu yenye vichwa vitupu.

"Mama, nataka ile ya nyumbani," alisema. "Ila uwahi. Udongo wa huku ukishakauka, haumsubiri mtu."

Kwa hiyo Bibi Sidonia hakuwa na kazi nyingine duniani ila kuifikisha mbegu Gulwe kabla udongo haujakauka, na kuifikisha ikiwa imefungwa. Kwao mbegu haifunguliwi safarini. Kapu hushonwa na mama, hufunguliwa na binti, shambani, jembe likiwa mkononi. Mbegu iliyoonwa na jua la njiani, mama yake alipata kumwambia, huota njiani.

Na kati ya kapu na nywele zake zenye mvi ilikuwapo kata. Nasema kata, kwa kuwa wako watu wazima leo waliokwisha kuisahau: ile pete ya kuwekea mzigo kichwani. Yake ilikuwa ya katani, imeviringwa na marehemu mama yake, ikazungushiwa ukanda wa ngozi ya mbuzi, na upande mmoja ilikuwa na kinundu pale mama alipopigia fundo. Miaka ya kubeba ilikuwa imelifundisha kapu. Kitako chake kilikuwa kimebonyea duara lilelile, na pembeni ya duara palikuwa na kishimo cha kinundu.

Treni ilikuwa ya alasiri. Ng'ambo ya lango la stesheni, katika safu ya maduka, palikuwa na chumba cha kuhifadhia mizigo, mali ya bwana mmoja aitwaye Erick. Erick mwenyewe alikuwa haonekani; anayeonekana ni msichana wake wa kazi, Sabrina, mtoto wa Kondoa, mwenye sare ya buluu na mtandio mwembamba wa rangi ya zabibu. Foleni ilikuwa ndefu.

"Shikamoo bibi. Weka hapo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Utaliweka wima?"

"Wima, bibi. Shika namba yako. Usiipoteze, eh!"

Bibi Sidonia aliitazama ile karatasi ndogo. Akaona ni adabu za mjini, kama kile kikaratasi cha kufutia midomo wanachokupa hotelini. Aliikunja akaitia kwenye pindo la kitenge. Kisha akaivaa kata mkononi kama bangili kubwa, akatoka na moyo mweupe. Stakabadhi yake ilikuwa imening'inia pale pale kwenye kiwiko.

Nani atamlaumu? Ndivyo alivyofundishwa. Kwenye stesheni ya zamani, enzi za treni zilizokuwa zikiingia zinapumua kama ng'ombe wenye kiu, alikuwapo Mrangi mmoja, Mzee Halfani, mwenye kibanda cha mabati ubavuni mwa jengo. Wanawake waliotoka Kondoa na Chemba walimwachia mizigo wakaingia mjini kutafuta chumvi na khanga. Mzee Halfani hakuandika kitu. Alishika mzigo, akasema, "Mama, chukua kata yako." Mwanamke akirudi, Mzee Halfani anapindua kapu, anaweka kata kitakoni. Ikikaa, "Mali yako, nenda salama." Isipokaa, mtu huyo ataeleza vizuri ametoka wapi. Kila mama na kata yake, kila kata na kapu lake. Hapakuwa na mwizi wa kughushi kichwa cha mwenzake.

Basi miguu ya Bibi Sidonia ilikumbuka yenyewe, ikampeleka kwenye stesheni ile ya zamani. Alitaka tu kumwamkia mzee.

Alikuta kimya. Treni ya kawaida siku hizi hupita mara moja moja, kama jamaa aliyegombana na ukoo. Majani yalikuwa yameota kati ya mataruma, na joto lilikuwa limesimama juu ya reli likitetemeka. Mahali pa kibanda cha mabati palikuwa na kijana anaosha pikipiki. Kwenye benchi, peke yake, alikaa Abeli, mzee wa Kigogo aliyekuwa hamali pale tangu ujanani, na ambaye bado alikuja kila siku ingawa hapakuwa na cha kubeba.

"Aisee!" Abeli alisema. "Huyu si yule Msandawe wa makapu? Mnasema bado lugha yenu ile ya kuni zinazopasuka motoni?"

"Tunasema. Na ninyi Wagogo mmeacha lini kuhesabu ng'ombe wa watu?"

"Tumeacha walipokwisha." Abeli akacheka, meno mawili. "Kaa, dada. Kaa hapa kivulini."

"Mzee Halfani yuko wapi?"

Abeli alionyesha kidole chini, kwenye vumbi, taratibu, kama mtu anayeonyesha kitu kilichoanguka. "Tumemzika kwao Kondoa. Kibanda kilibomolewa kabla. Nadhani alikifuata."

Wakakaa. Bibi Sidonia alitoa ugoro, wakanusa, wakapiga chafya, wakaombeana heri. Abeli alisifu ule ugoro mpaka mwenye ugoro akaona haya. Bibi Sidonia akataka kumpa wa kwenda nao nyumbani, akatafuta cha kufungia, mkono wake ukakuta karatasi kwenye pindo. Akaifungua, akamimina ugoro, akakunja vizuri pembe nne.

"Chukua, kaka. Ukimaliza unikumbuke."

Abeli akaitia mfuko wa shati, akainuka. Gari la kwenda kwao lilikuwa linaita abiria. Walipeana mikono, na hapana aliyesema watakutana lini.

Bibi Sidonia akabaki na lile benchi. Joto likamwegemea. Akasinzia, na katika usingizi akasikia kengele ya stesheni, ile ya chuma iliyogongwa kwa nyundo. Treni ikaja, nyeupe kwa vumbi, na madirisha yote yakafunguka, na chini ya madirisha wakatokea wenye zabibu katika majani, wenye kuku wa kubanika, wenye asali ndani ya vibuyu, na kila mmoja alikuwa ni mtu aliyemjua na aliyekwisha kufa. Hakuna aliyekuwa anaharakisha. Mama yake alikuwa amekaa juu ya gunia, anaviringa katani pajani. "Kaza hapa," mama akasema, akampa ncha ya uzi aishike. Naye akaishika, akaishika, mpaka mwosha pikipiki akamwamsha.

"Bibi, jua limekugeukia. Utaungua."

Aliporudi mbele ya stesheni mpya, jua lilikuwa limeshainama. Foleni ya chumba cha mizigo ilifika barabarani. Zamu yake ilipofika, alitabasamu.

"Nimekuja, mjukuu wangu."

"Namba, bibi."

"Namba ipi?"

"Ile karatasi niliyokupa asubuhi."

"Ah, ile! Nimefungia ugoro, nikampa kaka yangu mmoja wa pale stesheni ya zamani."

Foleni ikavunjika mbavu. Sabrina naye alianza kucheka, kisha akaona kwamba bibi hatanii. "Bibi! Sasa mimi nitajuaje mzigo ni wako?"

"Si lile pale? Linanitazama."

"Kila mtu anaweza kunyoosha kidole, bibi yangu. Na humu naandika namba tu, sikuandika jina. Ngoja nimpigie bosi."

Alipiga. Erick alikuwa Mtumba, kwenye mji wa serikali, kwa shughuli zake, na sauti yake ilisikika ikitoka kwenye simu, ya mtu anayekula huku anaongea. Aliagiza Sabrina amwandike bibi maelezo yake yote, kisha kapu lifunguliwe, bibi ataje kilichomo. Na asiye na namba asichukue kitu bila kuacha kitu cha kuonyesha.

"Umesikia, bibi. Tutalifungua kidogo tu."

Uso wa Bibi Sidonia ulizimika. "Halifunguliwi hapa."

"Mna nini?"

"Mbegu. Nakwambia mna mbegu ya mtama. Lakini halifunguliwi, mama. Likifunguliwa hapa, nitakuwa nampelekea mwanangu chakula cha kuku."

"Bibi, treni inaondoka!" mtu akapaza sauti huko nyuma. Ni kweli, upande wa pili wa lango kipaza sauti kilikuwa kimeanza kuita abiria. Bibi Sidonia aliushika ukingo wa meza. Gulwe udongo ulikuwa unakauka. Alitazama kapu, akaitazama mikono ya yule msichana, yenye kucha zilizopakwa rangi, akawaza zile kucha zinakata kamba aliyoshona mwenyewe. Akawaza kuliacha kapu na kupanda mikono mitupu. Akawaza kutopanda kabisa.

Sabrina alishika kalamu. Alikuwa na haraka, na hakuwa mbaya. "Haya, tuanze na maelezo, hayo mengine baadaye. Jina?"

"Sidonia Romani."

"Wilaya?"

"Chemba."

"Kata?"

Bibi Sidonia akainua kichwa. Ilikuwa kana kwamba mlango wa kibanda cha mabati umefunguka. "Si ungesema mapema!" alisema. Akavua kata kwenye mkono, akaibandika mezani, puu, mbele ya Sabrina.

Kikatoka kicheko ambacho mpaka madereva wa bajaji waligeuka. Kijana mmoja mwenye kitambulisho cha wizara shingoni alijishika tumbo. "Bibi, anakuuliza kata unayokaa! Kata ya diwani!"

"Diwani ana kata gani?" Bibi Sidonia alimjibu. "Alibeba nini kichwani mwake, diwani?"

Walicheka zaidi, na safari hii walikuwa upande wake. Yeye hakuwaangalia. Alimwambia Sabrina, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake jambo wanalolijua wote wawili: "Lipindue kapu. Iweke kata kitakoni. Kinundu kwenye kishimo."

Sabrina alilishusha kapu kwenye rafu. Pengine alitaka mchezo uishe, pengine alikuwa na bibi yake Kondoa. Akalipindua kwa uangalifu, masuke yakasogea ndani kwa sauti ya mvua ya mbali. Akaiweka kata. Haikukaa. Akaizungusha kidogo kidogo kwa ncha za vidole, mpaka kinundu kikaanguka kwenye kishimo chake, na kata ikazama pale kama jicho kwenye tundu lake. Akajaribu kuitikisa. Haikutikisika.

Hapana aliyecheka tena. Yule kijana wa wizara akasema polepole, "Duh."

"Mali yako, bibi," Sabrina alisema.

"Hapo sasa. Mzee Halfani angesema, nenda salama."

"Nenda salama, bibi. Lakini..." Sabrina aliinamisha macho. "Bosi anataka kitu cha kuonyesha. Namba haipo. Niachie hiyo kata."

Hapo ndipo ungejua tumefika wapi. Mzee Halfani alishika mizigo ya nusu ya nchi, na hakuna siku alimwomba mwanamke kata yake. Kumwomba mtu kata ni kumwambia abebe kwa fuvu. Msichana hakujua. Nani alimwambia? Sisi tuliopaswa kumwambia tulikuwa tunashangilia majengo.

Bibi Sidonia aliishika kata kwa mikono miwili. Kidole gumba kikapita juu ya kinundu, mara moja, na tena. Kipaza sauti kikaita abiria mara ya mwisho. Akaona ncha ya uzi, na mkono wa mama yake upande wa pili ukikaza.

Akaiachilia mezani.

"Usiiweke juani," alisema. "Katani inakatika."

Sabrina alisita. Kisha akavua mtandio wake wa rangi ya zabibu, akausokota, akauzungusha, ukafumuka, akauzungusha tena. Ukawa kitu kama kiota cha ndege mvivu. Akauweka mwenyewe kichwani kwa bibi, na yule kijana wa wizara akamsaidia kupandisha kapu.

"Linalala upande, bibi."

"Litakaa," alisema Bibi Sidonia. "Linajifunza."

Wakamtazama akivuka barabara, shingo imepinda, kapu limeinama kama linasikiliza kitu kwenye bega la kushoto. Langoni wakaguzi walimlainishia mambo, wakampitisha. Ndani ya treni hakuruhusu mtu kulipandisha juu. Alilipakata magotini kama mtoto mwenye homa. Nje ya kioo nchi ilianza kukimbia, mibuyu na vichuguu na mashamba ya zabibu, kasi mno kwa macho yake. Akayafumba. Utosini alisikia bado duara la kata, zito, baridi, ingawa haikuwapo.

Gulwe alishuka na giza la mawingu. Flaviana alikuwa anamngoja na jembe begani, kana kwamba anataka kupanda pale pale stesheni. Alipokea kapu, akapapasa kamba mdomoni, akaikuta nzima. Kisha akagusa kile kitambaa kichwani kwa mama yake.

"Mama, na kata je?"

"Nimeiacha Dodoma. Inanishikia nafasi," alisema Bibi Sidonia, akatangulia njiani, kwa maana udongo ulikuwa ungali na unyevu.

Nayo kata iko Dodoma mpaka leo, kwenye droo ya meza ile, chini ya chaja za simu zilizosahauliwa. Erick aliiona, akauliza ni kitu gani. Sabrina alimwambia ni namba.