Aliyewasimamisha Majambazi

Picha ya sinema waliyoipenda watu kuliko zote ilikuwa ile ya majambazi wawili, ndugu wa tumbo moja, waliovaa kofia pana, wakapora treni na kufa wakiwa wameegemeana migongo. Dada aliijua picha ile tangu ana miaka tisa. Baba yake ndiye aliyekuwa fundi wa sinema. Wadogo zake wawili wa kiume walipelekwa shule, yeye akabakizwa kwenye chumba cha mashine kurudisha nyuma mikanda ya picha kwa mkono. "Msichana ana mkono mwepesi," baba alisema, na masomo yake yakaishia hapo.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba aliyapenda maisha yale. Ukuta wenye joto, harufu ya mafuta ya mashine, vumbi likicheza ndani ya mwanga. Risasi ikilia, ukumbi mzima uliinamisha vichwa.

Baada ya kufungwa miaka mingi, ukumbi ulifunguliwa tena mchana mmoja kwa picha ileile. Wadogo zake walialikwa kama wageni wa heshima. Walikwisha kusema redioni kwamba wao ndio waliokuwa wakimsaidia baba. Ikafika saa, hakuna aliyejua kuivisha mashine mkanda. Kitinda mimba akamjia dada yake nyumbani, jasho linamtiririka.

"Dada, tuokoe! Watu wamejaa."

"Si ninyi mliomsaidia baba? Redio imesema."

"Aa, dada, yale yalikuwa maneno tu."

"Nitakuja. Ila mnitaje mbele za watu."

"Haki ya Mungu, tutakutaja."

Mkubwa wao akapanda jukwaani na tai yake, akamshukuru mwenyekiti, akamshukuru mfadhili, akamshukuru hata aliyepaka viti rangi. Dada hakutajwa. Huko juu kwenye chumba chake, akawasha mashine.

Majambazi walipozingirwa korongoni, mmoja kaishiwa risasi, mwenzake akimtupia bastola, dada akazima. Pazia la picha likawa tupu. Akawasha taa za ukumbi.

"Fundi, umelala?"

"Mpelekeeni chai!"

Akatoa kichwa kwenye kidirisha. "Fundi yuko macho. Anamsubiri mdogo wake mwenye tai. Kuna mtu kamsahau."

Vicheko vikalipuka. Mwenye tai akasimama. "Dada, ya nyumbani tutayamaliza nyumbani!"

"Mimi sina haraka. Hao majambazi sikuwatuma kuiba."

"Sema, bwana!" mtu akafoka. "Tunataka kuona nani anakufa!"

"Aliyemsaidia baba ni dada," mwenye tai akanong'ona.

"Sikusikii. Mashine zimenitia uziwi."

"Ni dada! Sisi tulikuwa shule, yeye alikuwa huko juu. Miaka yote."

Viti vikalia. Watu wakageuka, wakalipa pazia mgongo, wakamtazama dada pale kidirishani. Hakuwasamehe wadogo zake. Hilo halikuwa jambo la siku moja. Akawaacha watu wamtazame mpaka bibi mmoja alipolalamika kwamba majambazi wamechoka kungoja kufa. Ndipo akawasha.