Sikuwa Nikingoja Baraka ya Mwisho

Ndugu zangu, wengi mnanijua. Mimi ni Kabwe, fundi wa nguo hapa mtaani Katuba, yule aliyekuwa akitoka kanisani kabla ya baraka ya mwisho. Wateja walipenda kupima nguo baada ya Misa, nami nilitaka wanikute nimeshafungua duka. Mke wangu alinicheka: "Weye Mungu unamusalimia tu, kwaheri haumupatie."

Kisha kikaja kikohozi. Nikasema ni vumbi la vitambaa, nikanywa tangawizi wiki nyingi. Nilikonda mpaka nikazipunguza suruali zangu mwenyewe kwa cherehani. Siku moja nilikuwa nikishona gauni jeupe la komunyo ya kwanza. Nikakohoa, na tone la damu likaanguka kifuani mwa lile gauni. Niliogopa sana.

Hospitalini daktari aliniambia, "Papa, iko tuberculose, kifua kikuu. Inaponaka. Lakini dawa ni miezi sita, usiruke hata siku moja."

Nililazwa. Mkojo ukawa na rangi ya mawese kwa sababu ya dawa. Nilitapika, jasho likalowesha godoro. Walionitembelea walisimama nje ya dirisha. Jumapili niliisikia kwaya ya kanisa la jirani, wimbo kwa wimbo. Baraka peke yake haikunifikia, maana padri huisema kwa sauti ya kawaida. Nilisikia kimya kidogo, halafu watu wakitoka wakicheka. Jamani, niliutamani ule mkono wa padri ulioinuliwa! Miaka yote niliukimbia kwa miguu yangu, na sasa miguu haikuweza kunifikisha mlangoni.

Mama Ngalula, muuza maandazi jirani na duka langu, alikuja kila Jumapili moja kwa moja kutoka Misa. Alisimama dirishani. "Papa Kabwe, ninakuletea baraka. Nilingoja mpaka mwisho."

"Si iko yako, mama?"

"Baraka haiko ya kufungia mu nyumba. Mu Biblia kuhani alikuwa anainua mikono juu ya bantu, ili mataifa yote bamujue Mungu. Njo vile hata miye, Mungu ananibariki, ananituma."

Baada ya miezi miwili daktari alisema siambukizi tena. Mama Ngalula akaingia, akanichora msalaba kwa kidole gumba kwenye paji la uso. Tangu nilazwe hakuna aliyekuwa amenigusa uso. Nililia bila haya.

Leo nimepona. Namshukuru Mungu, daktari, mke wangu na mama huyu. Ndugu, kikohozi kikipita wiki mbili, nenda ukapimwe. Tangawizi si daktari. Na dawa uimalize.

Jumapili yangu ya kwanza kurudi kanisani, padri alipoinua mkono, miguu ilianza kwenda kwa mazoea. Nikaizuia. Kisha nikapita mbele ya duka langu, wateja wakaniita, sikusimama mpaka hospitalini. Kwenye kitanda changu cha zamani alilala mzee mkulima kutoka Kasungami, ameugeukia ukuta. Nikagonga dirisha.

"Papa, ninakuletea baraka. Nilingoja mpaka mwisho."

Akageuka.