Fundi na Sanduku Lililojaa

Fundi wa simu hupuliza kila kitufe kabla hajakibonyeza, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Kucha zake ni fupi. Anaongea na mashine, "Haya mama, twende," na mimi nashindwa kujua lini anasema nayo, lini anasema nami. Mashine ni ya kupokea ujumbe wa simu tukiwa shambani, na binti yangu Winfrida amemtuma aigawe masanduku ya sauti, kila mtu na lake la kuwekewa ujumbe. Mimi nikisikia sanduku naliona lile tulilomzikia mama yake, hapo migombani.

"Babu, sanduku la zamani limejaa. Nilifute?"

"Limejaa nini?"

Akapuliza, akabonyeza. Mke wangu akasema ndani ya mashine, kutoka hospitali alikolazwa kabla hatujamzika: "Baba Winfrida, ng'ombe umemkatia majani?"

"Bado," nikajibu.

Mashine haikuningoja, ikaendelea na maneno mengine. Nikachanganyikiwa, nikamwambia fundi, "Mwambie asubiri, bado naongea."

Nilidhani atacheka. Alirudisha nyuma, akaanza upya. Kila swali likiisha alibonyeza kusimamisha, akaningoja mpaka nijibu, ndipo akaachia. Nilijibu la majani. Nilijibu la ndizi za kupikia pombe ya mbege. La dawa ya mguu nilidanganya kidogo. La mwisho likaja: "Kesho unakuja kunichukua, au?"

Nikageuka kutazama migombani. Fundi alikuwa ameshasimamisha. Alikaa na kidole chake pale pale, wala hakuniuliza tena habari ya kufuta.