Jirani Aliyeota Jua

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati hapa Shinyanga, akaingia mama mmoja wa makamo akimvuta mkono mzungu, fundi wa visima aliyehamia mtaani kwao mwezi uliopita. Kwa mkono wa pili alishika bakuli la uji lililofunikwa kwa sahani.

"Huyu jirani yangu ana homa," alimwambia mganga. "Leo siku ya tatu anaota jua uani, hata shati hana."

Foleni nzima tukampisha. Kwetu jua la saa nane mchana haliotwi na mtu mzima, labda malaria iwe inamtetemesha.

Mzungu aliona aibu. "Mama, mimi si mgonjwa," alisema kwa Kiswahili cha darasani. "Kwetu ni baridi na mawingu. Nilihama kwa sababu ya jua hili."

Mama akamgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja. Kweli, halikuwa na moto.

"Na ndugu zako wako wapi?"

"Wamebaki kule."

"Sasa hapo uani unakaa na nani?"

Mzungu akatazama viatu vyake. Mama akamkalisha kwenye benchi, akafunua bakuli.

"Kunywa."

"Lakini mama, si mgonjwa."

"Nimesikia. Kunywa."

Nimeuguza watu wengi, na uji wa mgonjwa huwa unabaki. Huu ulikombwa kwa kidole. Mganga akauliza aandike ugonjwa gani kwenye daftari.

"Andika amekula," mama akasema.